Kikombe cha Sirili

Asubuhi ile Priska alibadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu, na mara ya nne akarudia kile cha kwanza. Mama Kiran, mwenye duka ambaye kwenye baraza yake Priska aliweka cherehani, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama huku akimenya chungwa.

"Hicho cha kijani," alisema. "Mama mkwe akikupenda atakupenda na kijani. Asipokupenda, hata ujifunge dhahabu utachoka bure."

"Mama Kiran, unanitia moyo au unanitisha?"

"Nakupa chungwa. Kula, Marangu ni mbali."

Yule mama hakuwahi kumuuliza Priska anaumwa nini. Mwaka wa pili sasa, kila kengele ya kanisa ilipolia saa kumi na mbili jioni, alitoka na glasi ya maji ya kuchemsha, akaiweka kando ya cherehani, akarudi ndani kukunja vitambaa vyake. Glasi hiyo ndiyo wanawe waliyonywea. Wapo watu wanaokupa shamba ukasahau, na yupo anayekupa glasi ya maji ukamkumbuka mpaka kaburini.

Mchana Leodegar akaja kumchukua. Alikuwa amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Walipata lifti kwenye gari la kampuni lililokuwa likipeleka mboga na mitungi ya gesi kwenye lango la mlima. Walishuka njia panda, wakaingia njia ya miguu inayopita katikati ya vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Migomba huku na huku, kahawa chini yake, na mfereji mdogo wa maji ukipiga soga pembeni. Leodegar alibeba kapu. Priska alibeba wasiwasi.

"Tembea polepole," Leodegar alisema. "Ndivyo tunavyowaambia wageni wa mlimani."

"Mimi si mtalii."

"Ndiyo maana sikutozi kiingilio."

Priska akacheka. Huyu mwanamume alikuwa mpishi wa mlimani. Siku sita alikuwa huko juu akiwapikia watalii supu kwenye baridi, siku ya saba alishuka, na siku ya nane alikuwa barazani kwa Mama Kiran na suruali iliyochanika. Baadaye Priska aligundua kwamba suruali zile alikuwa akizichana mwenyewe.

Walivyofahamiana kwa kweli, hata hivyo, haikuwa kwa ajili ya suruali. Mwaka 2005 Priska alianzishiwa dawa akiwa na kilo thelathini na tisa. Baada ya miezi minane alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, wateja wanamsifia. Akajiambia amepona. Akaziacha. Wiki ya sita kikohozi kikarudi, mdomo ukajaa vidonda, hata mate akashindwa kumeza. Leodegar alimkuta amelaza kichwa juu ya cherehani. Alimpeleka hospitali ya Mawenzi, akakaa naye kwenye benchi mpaka mchana ukaisha. Pale kwenye benchi Priska alimwambia ukweli wote, kwa ukali, ili aondoke.

Leodegar hakuondoka. Alisema, "Mlimani, anayetuletea msiba mara nyingi si yule anayelia baridi. Ni yule aliyejisikia mzima akavua koti. Basi Priska, vaa koti lako."

Na muuguzi aliyempokea, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimweleza bila kumsuta. "Mwanangu, dawa hizi haziui virusi wote. Zinawafunga kamba. Ukilegeza, wanafunguka wakiwa wajanja zaidi, na kamba ileile huenda isiwafunge tena. Chagua saa, asubuhi na jioni, uishike kama sala." Priska akachagua kengele ya kanisa. Tangu siku ile haikumpita hata moja.

Leodegar alipima mara tatu, na mara tatu akakutwa salama. Akaomba kumwoa mara tatu vilevile. Mara mbili Priska alikataa. Mara ya tatu alitoa sharti. Kwa desturi ya nyumba ya akina Leodegar, mbege ya posa, pombe ya ndizi na ulezi, hupikwa na mama wa mwanamume kwa mikono yake. Yeye huloweka ulezi mpaka uote, huuanika, huusaga, ndipo huchemsha ndizi. Na posa ya Priska ilitakiwa kwenda kwa wazazi wake, Mkuu, Rombo.

"Mama yako ajue kabla hajaloweka ulezi," Priska alisema. "Sitaki atokwe jasho kwa ajili ya mtu asiyemjua. Akikataa kuloweka, tumeachana kwa heshima."

Sasa siku yenyewe ndiyo hii, na nyumba ilikuwa inaonekana.

Leodegar akasimama. "Kuna jambo sijakwambia. Jikoni kwa mama kuna kikombe cha bati, cha bluu, kimetundikwa msumarini. Hakuna anayekinywea. Kaka yangu Sirili alipougua, mwaka tisini na nane, mama alimtengea kikombe chake na sahani yake. Sahani alizikwa nayo. Kikombe kikabaki."

"Kwa nini amekiweka?"

"Sijui. Sijawahi kuthubutu kumuuliza."

Priska alikitazama kiatu chake. "Basi leo nitajua," alisema, na akatangulia.

Mama Kornelia aliwapokea uani, mbele ya jiko, mikono ikinukia vitunguu. Alikuwa mama mwembamba, macho yake yakicheka kabla ya mdomo. Karibu yake, kwenye kigoda, alikaa Theodory, baba mdogo wa Leodegar, kofia kichwani na kata ya mbege mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Karibu nyumbani."

"Marahaba," alisema Theodory, akimpima Priska tangu kitambaa mpaka viatu. "Leodegar, nilidhani mwaka huu nao utatuletea Mjerumani."

"Baba mdogo, Mjerumani hajui kushona."

"Na huyu anajua kula? Maana shemeji yangu hapa amepika machalari ya kulisha jeshi."

Priska alijua kula. Alikula ndizi na nyama mpaka Mama Kornelia akaridhika, na kila alipotua kijiko mama alimwongezea kama vile hakuona. Aliona pia kwamba mama alikuwa amechagua vipande laini akaviweka upande wake wa sahani. Wema huo ulimwongezea hofu. Mtu akikukaribisha hivyo, ni vigumu kumpa habari ya kumsimamisha tonge kooni.

Baada ya chakula alitoa zawadi kwenye kapu: gauni la kitenge, la njano na zambarau, alilolishona kwa wiki mbili bila kumpima mwenyewe. Vipimo alivitoa Leodegar.

Mama Kornelia alilikunjua. Likakunjuka, likaendelea kukunjuka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hili ni gauni au hema la mlimani?"

Theodory akapaliwa na mbege. Priska alimgeukia Leodegar. "Uliniambia mama ni mnene kama magunia mawili ya unga!"

"Ndivyo alivyokuwa," Leodegar alijitetea, sikio likimwiva. "Ndivyo ninavyomwona mimi nikifumba macho."

Mama alimtazama mwanawe, kicheko kikamlegea. "Hivyo nilikuwa kabla ya Sirili," alisema. Akaanza kulikunja gauni. "Haya. Leodegar ameniambia kuna jambo kabla ya ulezi. Semeni, nisikie. Ulezi wenyewe nimeshaupeta."

Leodegar alifungua mdomo. Priska akamgusa mkono. Jambo lilikuwa lake, na alitaka litoke mdomoni mwake.

"Mama, mimi nina virusi vya UKIMWI. Nilivijua miaka mitatu iliyopita. Natumia dawa kila siku, asubuhi na jioni, na sasa nina nguvu, nafanya kazi. Leodegar anajua. Amepima, hana, na tumefundishwa namna ya kumlinda. Nimekuja uniangalie usoni ukiwa unajua. Ukisema hapana, sitakuwa na kinyongo. Machalari yako ni matamu mno kwa kinyongo."

Kuku mmoja akapita uani bila haraka.

"Leodegar," Theodory aliuliza, "wewe ulijua?"

"Nilijua kabla sijajua jina la baba yake."

Theodory aliweka kata chini. Hakuwa na hasira, alikuwa mtu mzima aliyeogopa. "Binti, mimi sina ubaya nawe. Lakini nyumba hii imeshazika mmoja. Lile jeneza tulilibeba watu wanne, na lilikuwa jepesi hata sikutoka jasho. Unataka shemeji yangu ayaone tena hayo?"

"Hapana, baba. Mimi nami nilikuwa mwepesi hivyo. Dada yangu alinibeba mgongoni kama mtoto kunipeleka hospitali. Leo nina kilo sitini na mbili, na hiyo ni kabla ya machalari."

Theodory alitaka kucheka, akajizuia.

Mama Kornelia aliinuka. Akachukua gauni lake, akaingia jikoni, akaurudisha mlango.

Walikaa. Leodegar alitaka kumfuata, Priska akamshika shati. "Mwache. Wewe ulipewa benchi zima la kufikiri. Mwache naye apate lake."

Kivuli cha migomba kilitambaa uani mpaka miguuni mwao. Jua lilipoanza kumwingia Priska machoni, Theodory alisogeza kigoda chake akakaa mahali ambapo kofia yake ilimkinga. Priska aliliona hilo. Alilitunza.

"Saa ngapi?" alimnong'oneza Leodegar.

"Inakaribia kumi na mbili."

"Vidonge ninavyo. Tukiondoka sasa, kengele itanikuta barabarani, nitaomba maji kwa watu."

"Subiri."

"Leodegar, mama yako amejibu. Kunyamaza nako ni jibu."

"Humjui mama yangu. Akikataa, kijiji kizima kinasikia."

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama Kornelia alikuwa amelivaa lile gauni. Lilimmeza. Alilishika kwa mkono mmoja lisimwangushe, na mkono wa pili alikuwa ameshika kikombe cha bati, cha bluu, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinameta.

Priska alikitambua. Haya, alijiambia. Nimepewa changu. Alijilazimisha asilie, maana mama wa watu alikuwa amepika vizuri na hakustahili kuharibiwa siku yake.

"Leodegar alikusimulia habari za kikombe hiki?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Alikusimulia nusu. Yeye alikuwa mlimani." Mama alikaa, gauni likatapakaa kote. "Siku ile watu waliniambia, Kornelia, mtengee vyombo, la sivyo utawamaliza wenzake. Nami sikujua. Nikamtengea. Nikamwambia Sirili, mwanangu, hiki ndicho chako, usishike kingine. Unajua alinijibu nini?"

Priska alitikisa kichwa.

"Alisema, 'Aika, mama.' Aliniambia asante. Angenitukana, ningekuwa nimeshasahau." Mama alifuta pua kwa mkono wa gauni jipya. "Padre amenisamehe. Majirani wamesahau. Kikombe ndicho hakijanisamehe. Kila asubuhi nikiwasha moto, tunatazamana."

"Shemeji," Theodory alisema kwa upole, "wakati ule nani alijua?"

"Hakuna. Lakini sasa tunajua, na binti wa watu amekaa uani kwangu saa nzima akidhani nimemkimbia." Alichota mbege kwenye chungu, akajaza kikombe cha bluu mpaka pomoni, akakiinua, akanywa mafundo matatu makubwa. Alipokishusha, povu lilikuwa limemkaa juu ya mdomo. "Mimi wa kwanza. Theodory, shika."

Theodory alikitazama kikombe. Miaka tisa aliingia jiko lile bila kukigusa. Akavua kofia, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. "Mbege ni ileile," alisema, akichungulia ndani ya kikombe. "Kumbe ni ileile tu."

Leodegar naye akanywa. Kisha mama akakichukua, akakijaza upya, akamnyooshea Priska.

Hapo ndipo Priska alipotamani ardhi ipasuke. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akamtazama mama.

"Mama," alisema, "nisamehe. Muuguzi ametukataza pombe."

Theodory akageuza kichwa taratibu.

"Huyo muuguzi," Theodory aliuliza, "amebatizwa kweli?"

Mama Kornelia alicheka. Alicheka mpaka gauni likamteremka begani, akalishika, likateremka upande wa pili. Leodegar hakuwa amesikia kicheko kile tangu ujana wake, akageuza uso kuelekea kahawani, akajifanya anatafuta kuku.

"Sasa ndiyo najua utakaa," mama alisema, akipangusa machozi. "Mtu anayemkatalia mama mkwe kikombe ili ashike sharti la dawa, huyo hatamtupa mwanangu njiani. Theodory, lete kata yako, malizia hii."

"Mimi ni mtumishi wenu tu," alisema Theodory, kata ikiwa imeshafika.

"Na wajukuu?" mama alimgeukia Priska, sasa kwa sauti ya chini. "Niambie ukweli."

"Inawezekana, mama. Kliniki wametueleza. Tutakwenda kwao kwanza, hatutakurupuka. Nikitumia dawa na tukifuata wanayotuambia, mtoto anaweza kuzaliwa mzima. Si ahadi, lakini ni matumaini makubwa."

"Matumaini makubwa yananitosha. Mimi nimeishi na madogo."

Ndipo kengele ya parokia ikalia kule juu, ikashuka kihamba kwa kihamba. Theodory, aliyeshika dini kuliko anavyoonekana, aliinuka, akafanya ishara ya msalaba, akaanza sala ya Malaika wa Bwana. Leodegar akasimama. Priska naye akasimama, mkono wake mmoja ukaingia mfukoni wenyewe, kama ulivyozoea.

Mama Kornelia akauona ule mkono.

"Dawa ni saa ngapi?"

"Sasa, mama. Ni kengele hii. Nitameza tukimaliza sala."

"Theodory, nyamaza kwanza!" Mama alikuwa tayari ameinuka, gauni amelikusanya kiunoni kama anayevuka mto, anakimbilia jikoni. Walisikia maji yakimwagwa, kikombe kikisuuzwa, chupa ya chai ikifunguliwa na maji yaliyochemshwa yakimiminwa. Akatoka na kikombe cha bluu kinafuka mvuke. Akakipuliza. Akaonja yeye kwanza, kama unavyomwonjea mtoto uji, akaona bado ni ya moto, akapuliza tena.

"Shemeji," Theodory alilalamika, kofia kifuani, "Malaika wa Bwana anasubiri."

"Malaika atasubiri, hana haraka. Naye Bikira Maria ni mama, ataelewa. Dawa ndiyo haisubiri." Akamkabidhi Priska kikombe. "Meza, mwanangu."

Priska alimeza. Maji yalikuwa na ladha ya mbali ya mbege na majivu, na kwake hayakuwahi kuwapo maji matamu kuliko hayo. Alipokishusha kikombe, machozi aliyoyazuia tangu mlango wa jiko ulipofunguka yakapata njia. Leodegar alimpangusa kwa kidole gumba mbele ya wakubwa, jambo ambalo halifanywi, na wakubwa wakatazama migomba.

Kisha wakasali, wote wanne, kwa haraka kidogo maana kengele ilikuwa imeshanyamaza.

"Haya," Mama Kornelia alisema baada ya amina. "Leodegar, huendi mlimani kabla hujanishushia lile debe la ulezi darini. Nauloweka leo. Na wewe Priska, rudi Jumapili na cherehani yako. Gauni hili lina nafasi yangu na ya mtu mwingine."

"Nitalipunguza, mama."

"Usilipunguze sana. Nina mpango wa kunenepa."

Aliingia jikoni kuosha vyombo, na Priska akaingia kumsaidia. Mama aliosha, Priska akapangusa. Kilipofika kikombe cha bluu, Priska alikipangusa taratibu, akautazama msumari ukutani, hakujua afanyeje. Mama akakichukua mkononi mwake, akakifunika kwenye sinia katikati ya vikombe vingine, kikachanganyika navyo.

Theodory alikuja mlangoni na kata yake tupu, akiuliza kama chungu kimefikia mwisho au bado kuna matumaini makubwa. Alihitaji mikono yote miwili kuinamisha chungu. Alitazama huku na huku akitafuta pa kuweka kofia, akauona msumari, akaitundika.